Kinyago, Barakoa na Lipiko: Juu ya Neno 'Mask' na Sanaa ya Kusini

Utangulizi

Tunapozungumza juu ya utamaduni wa taifa letu, aghalabu hushughulika na vitu vyenyewe: ngoma, nyimbo, mavazi, vinyago na hadithi. Ni mara chache tunapoketi kuyapima maneno tunayovitajia vitu hivyo. Jambo hili lashangaza, kwa maana mtu asiyepata kuiona ngoma huijua kwanza kwa jina lake, na jina likipotoka, hata macho yake yatapotoka atakapofika uwanjani. Katika makala haya tunakusudia kulichunguza neno moja la Kiingereza, neno fupi na la kawaida kabisa, ambalo limeketi juu ya mojawapo ya sanaa kubwa za kusini mwa nchi yetu. Neno lenyewe ni 'mask'.

Yeyote aliyepata kukaa Mtwara au Mikindani, au katika vijiji vya Msimbati na Kilambo kule Mto Ruvuma unakoingia baharini, bila shaka amelisikia. Vijana wanaowaongoza wageni hulitamka. Vikaratasi vinavyobandikwa kwenye bidhaa za sanaa huliandika. Siku hizi hata baadhi ya wasomi wetu, wanapoandika kwa Kiswahili, husema 'maski za Kimakonde' bila kusitasita, kana kwamba Wamakonde walikaa karne nzima wakichonga na kucheza pasipo kuwa na jina la kitu wanachokichezea.

Tunajiuliza basi: Je, neno hili latueleza nini, nalo latunyima nini? Na je, neno 'kinyago', ambalo sote hulitoa haraka kuwa ndiyo tafsiri yake, lastahili kweli kuchukua nafasi hiyo?

Neno hilo katika kwao

Yafaa tuanze kwa kulitendea haki neno la watu. Kwa Mwingereza, 'mask' ni kitu chochote kinachofunika uso au sehemu ya uso. Mwigizaji anayevaa uso wa bandia jukwaani ana 'mask'. Mwizi aliyejiziba uso asitambuliwe anayo. Daktari aliyeziba pua na mdomo katika chumba cha upasuaji anayo; na mgonjwa anayevutishwa hewa, na mpiga mbizi, na fundi anayechomelea vyuma, wote wanayo. Udongo laini au dawa ambayo mwanamke hujipaka usoni ili ngozi ipate kutakata huitwa vivyo hivyo. Hata sura ya marehemu iliyofinyangwa kwa plasta usoni pake, jina lake halibadiliki.

Likigeuzwa kuwa kitenzi, neno hilo hutaja kuficha. Uvundo hufichwa kwa manukato, hasira kwa tabasamu, udhaifu wa hesabu kwa maneno mengi. Na mnafiki anayefichuliwa mbele za watu husemwa kuwa amevuliwa hiyo 'mask' yake.

Ukizikusanya maana zote hizi utaona kuwa zafungwa kwa kamba moja. Upo uso wa kweli, nao uko nyuma. Kipo kifuniko, nacho kiko mbele. Cha mbele ama ni kinga, ama ni hila. Ukweli wote umewekwa nyuma. Kwa hiyo kila mwenye kulitumia neno hili, hata asipokusudia, anamwelekeza msikilizaji wake aulize swali moja tu: nani yumo ndani?

Asili ya neno lenyewe si ya Kiingereza. Lilifika Uingereza kutoka Ufaransa, na Wafaransa walilipata kwa Wataliano. Zaidi ya hapo wataalamu wanabishana. Wapo wanaoona kwamba Wataliano walilitoa katika neno la Kiarabu maskhara, lenye maana ya mzaha na kichekesho, wengine hawakubali. Ikiwa rai ya kwanza ni kweli, basi 'mask' ni ndugu wa neno letu masihara, na msomaji atatusamehe tukisema kwamba undugu huo haujafichika sana, maana mara nyingi wageni wameitazama sanaa yetu kwa masihara.

Lakini hata Ulaya mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo. Neno la Kiingereza lenye maana ya 'mtu', yaani 'person', chimbuko lake ni neno la Kilatini persona, ambalo Warumi walilitumia kutaja uso wa bandia wa mwigizaji. Waliona basi kwamba uso uliochongwa waweza kuwa mtu, wala si pazia la mtu tu. Wazo hilo limesahauliwa na wengi huko Ulaya. Kusini mwa Tanzania halijasahauliwa, kama tutakavyoonyesha.

Jinsi Kiswahili kilivyogawa

Kiswahili hakikuona haja ya kuwa na neno moja kwa mambo hayo yote, na sababu yake si ufukara wa msamiati. Kimeyagawa kwa kazi zake. Mvuvi wa Msimbati anayezamia pweza kwenye miamba ya Ghuba ya Mnazi huvaa miwani. Hapana anayemdhania kuwa amejificha. Mwanamke wa pwani anayesaga liwa juu ya jiwe na kujipaka usoni amejipaka liwa, basi. Jina la dawa latosha, na madhumuni yake yajulikana. Mwenye kuficha hasira yake ameificha, na mwenye nyuso mbili ni ndumilakuwili.

Kitu kinachofunika uso ili usionekane kina jina lake la zamani, nalo ni barakoa. Neno hili limetoka katika Kiarabu, na kwa karne nyingi lilitaja kile kifuniko cha uso walichokivaa wanawake wa Oman, na wale wa Unguja wenye nasaba ya huko. Binti Sultani Sayyida Salme, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, alikieleza kifuniko hicho katika kitabu cha maisha yake alichokichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886. Baadaye vazi hilo lilipungua pwani yetu, na neno nalo likalala. Watoto wengi wa shule waliokuwa wakisoma miaka ishirini iliyopita hawakulijua.

Ndipo ilipofika Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipotangazwa kuingia nchini. Ghafla watu walihitaji jina la kile kitambaa cha kuziba pua na mdomo. 'Mask' lilikuwapo, tayari midomoni mwa wengi. 'Kinyago' nalo lilikuwapo katika kamusi, likiandikwa kando ya neno hilo la Kiingereza. Lakini katika redio na magazeti, kwa mafundi cherehani waliokuwa wakishona vitambaa hivyo kwa vitenge, na katika matangazo yaliyobandikwa milangoni, neno lililoshinda ni barakoa. Hapana aliyesema kwamba muuguzi amevaa kinyago. Masikio ya watu yalikataa.

Sisi twaliona tukio hilo kuwa ni somo kubwa la lugha, nalo halijaelezwa vya kutosha. Kamusi zilikuwa zimeyaweka maneno mawili katika kapu moja kwa sababu Kiingereza kina kapu moja. Watu walipofikwa na haja ya kweli, walifungua kapu na kuyatenga. Walijua, bila kufundishwa na yeyote, kwamba barakoa hufunika na kinyago hakifuniki. Imebaki kwetu kueleza kinyago hufanya nini.

Kinyago na unyago

Tulitazame neno kwa muundo wake. Kinyago na unyago vina shina moja. Unyago, kama ijulikanavyo, ni mafunzo wapewayo wasichana wanapovunja ungo, kama vile jando lilivyo kwa wavulana. Waswahili wa mwambao wenyewe waliyafanya. Mtoro bin Mwinyi Bakari, katika maelezo ya desturi za Waswahili yaliyochapishwa mwaka 1903, aliyaandika kwa urefu. Katika makabila mengi ya nchi yetu mafunzo hayo yaliambatana na sanamu. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya Tanganyika wakati wa ukoloni, alitoa mwaka 1956 kitabu kizima juu ya sanamu za udongo zilizokuwa zikionyeshwa kwa wari na kufuatanishwa na nyimbo na maonyo. Kila sanamu ilikuwa na wimbo wake, na kila wimbo ulikuwa na adabu yake.

Kwa hiyo kinyago, kwa asili yake, ni kitu cha kufundishia. Kazi yake ni kudhihirisha jambo ambalo haliwezi kusemwa kwa maneno matupu mbele ya kila mtu. Hapa ndipo tunapoona jinsi tafsiri inavyotupoteza: neno la Kiingereza lina maana ya kuficha, na neno letu lina maana ya kuonyesha. Mfasiri anayeyaweka mahali pamoja amefanya kosa sawa na la mtu anayetafsiri 'mlango' kwa neno lenye maana ya 'ukuta', kwa kuwa vyote viwili husimama mbele ya chumba.

Methali yetu isemayo kwamba kinyago ukikichonga mwenyewe hakikutishi yathibitisha jambo hilo. Wengi huitumia kwa watu waliowakuza wengine kisha wakadharauliwa nao. Lakini mzizi wake ni uwanja wa ngoma. Kinyago ni kitu cha kutisha, na kitisho chake ni halali, kwa sababu kimewekwa pale ili asiyejua apate kujua. Asiyetishika ni yule aliyekwisha kufundishwa.

Lipiko amekuja

Sasa tushuke Ruvuma. Wamakonde wa Mtwara, Newala na Tandahimba na ndugu zao walio ng'ambo ya mto, kuanzia Mueda hadi pwani ya Palma, wanayo ngoma ambayo kitovu chake ni mchezaji aliyefunikwa mwili mzima. Ng'ambo ya mto ngoma hiyo huitwa mapiko, na mchezaji huyo huitwa lipiko. Upande wetu, katika uwanda wa Makonde, jina la zamani ni midimu, na mmoja ni ndimu. Wachongaji na wachezaji wa Msumbiji waliovuka kuja Tanganyika kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, na baadaye waliokimbia vita vya ukombozi kati ya mwaka 1964 na 1974, walikuja na lipiko wao. Hivyo leo majina yote mawili yasikika katika Mkoa wa Mtwara.

Kichwa cha lipiko huchongwa kwa mti mwepesi, kwa kuwa sharti kibebwe na kuchezwa. Msomaji asikichanganye na vinyago vya mpingo vinavyouzwa Mwenge, Dar es Salaam. Mpingo ni mti mzito unaozama majini. Hakuna awezaye kuruka na kutikisa mabega akiwa na gogo la mpingo kichwani. Kichwa hicho hakifuniki uso tu, bali hukivaa kichwa chote mithili ya kofia ya chuma ya askari, na mchezaji hutazamia kwenye uwazi wa mdomo. Mchongaji hukitia nywele za binadamu. Chale huzipanga kwa nta ya nyuki. Mara nyingine hukitia ndonya mdomoni, na ndimu wengine wa upande wetu huvaa pia ubao wa kifua na tumbo uliochongwa kama mwili wa mwanamke mjamzito. Halafu huja nguo zinazoufunika mwili hadi vidole, na njuga zinazolia kila anapotikisika, na ngoma ambazo zamjua kila anapokanyaga.

Nyuso hizo ni za aina nyingi. Wapo wazee, wasichana, wagonjwa, wanyama. Wakati wa ukoloni alitokea lipiko mwenye pua ndefu ya Mzungu, na watu wakacheka bila kuogopa kiboko, kwa kuwa aliyekuwa akichekwa alikuwa uwanjani na aliyekuwa akichekesha hakuwapo. Huo nao ni uhakiki, tena uhakiki mkali kuliko huu wetu.

Tuliwahi kusimama na mzee mmoja wa Kilambo, mwenye kujua mambo haya, tukamwuliza kwa Kiswahili chetu cha shule: 'Mzee, vinyago vitakuja saa ngapi?' Hakujibu mara moja. Kisha akasema: 'Wanangu, lipiko atakuja jua likipungua.' Tulifikiri amejibu saa tu. Baadaye ndipo tulipotambua kwamba alikuwa ametusahihisha sarufi. Sisi tulisema 'vitakuja', naye akasema 'atakuja'. Sisi tulitaja kitu, naye alimtaja mtu.

Kiambishi kimoja tu, lakini ndani yake mna falsafa nzima. Mwenye kusema 'mask' humwuliza aliyemo ndani. Mwenye kusema 'lipiko amekuja' hamwulizi. Anajua kwamba yumo mwanakijiji, tena huenda anamjua jina na anaijua miguu yake, kwa kuwa ndiye aliyemwona asubuhi akipalilia mikorosho. Lakini aliyekuja uwanjani si huyo. Aliyekuja ni lipiko. Wanawake hukimbia kisha hurudi wakicheka, wakiimba, wakimtania. Watoto hukimbia kwa kweli. Kila mmoja ana sehemu yake ya kujua na sehemu yake ya kutojua, na ngoma hiyo ndiyo inayomgawia. Yale ya jandoni hatutayaandika hapa, kwa kuwa si yetu kuyaandika; nasi twaamini kwamba makala juu ya utamaduni hayapungukiwi heshima kwa kusimama mlangoni.

Kichwa bila mwili

Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani kutoka jumba la makumbusho la Leipzig, alitembea kusini mwa nchi yetu mwaka 1906, wakati majivu ya Vita vya Maji Maji hayajapoa. Alifika hadi Newala na uwanda wa Makonde, akapiga picha, akanasa nyimbo, akaandika, na akakusanya vitu vingi, zikiwemo nyuso za kuchongwa. Kazi yake ina manufaa kwa mtafiti wa leo, wala hatuikatai. Lakini yafaa tuone ni nini kilichopakiwa melini. Nguo zilibaki, njuga na ngoma zilibaki, mapigo na nyimbo vikachukuliwa kidogo kidogo. Kilichosafiri kwa wingi ni mti uliochongwa. Huko Ulaya mti huo ukatundikwa ukutani, ukamulikwa taa, na chini yake likaandikwa neno lile lile tunalolichunguza, kwa Kijerumani chake au Kiingereza chake.

Wamakonde wa ng'ambo ya mto wana jina la mti huo: huuita muti wa lipiko, yaani kichwa cha lipiko. Jina hilo ni sahihi kabisa. Kichwa ni sehemu ya mtu. Ukikiona kichwa peke yake, utauliza mwili uko wapi. Lakini neno 'mask' halimfanyi mtazamaji aulize hivyo. Lamwambia kwamba kitu hiki kimetimia, kwamba hiki ndicho chenyewe. Kwa neno hilo sehemu imefanywa kuwa zima, na zima limefutwa. Na kitu kilichokatwa hivyo ni chepesi kukitia bei.

Hili si jambo la nadharia tupu. Mwaka 1984 wezi waliingia katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, wakaiba vitu 17. Kimojawapo kilikuwa kichwa cha Kimakonde. Mwaka uliofuata, 1985, kichwa hicho kilinunuliwa Paris na jumba la Barbier-Mueller la Geneva, ambalo lilieleza kwamba lilinunua kwa nia njema. Mwaka 1990 profesa wa Kitaliano, Enrico Castelli, alikitambua kuwa ndicho kile kilichoibwa. Tangu hapo mazungumzo yalichukua takriban miaka ishirini. Mwaka 2006 serikali yetu ililifikisha jambo hilo mbele ya kamati ya UNESCO inayoshughulikia urejeshaji wa mali za utamaduni. Hatimaye, tarehe 10 Mei 2010, makubaliano yalitiwa sahihi huko Paris kwa usimamizi wa Baraza la Kimataifa la Makumbusho, na kichwa kikaruhusiwa kurudi.

Kurudi huko ni ushindi, na waliohangaika miaka ishirini wastahili shukrani za taifa. Walakini mhakiki wa maneno hawezi kulipita neno lililotumika. Makubaliano hayo yaliandikwa kwa sura ya utoaji wa zawadi. Jumba la Geneva lilitoa, na Makumbusho yetu yakapokea. Twajua kwamba wanasheria wana sababu zao, na kwamba pengine bila neno hilo kitu hicho kingalikuwa Geneva hadi leo. Lakini katika Kiswahili, mtu aliyenunua mbuzi wa jirani kutoka kwa mwizi, hata kama hakujua, siku anapomrudisha hasemi kwamba ametoa zawadi. Husema kwamba amerudisha. Na mwenye mbuzi hushukuru kwa kurudishiwa, wala hashukuru kwa kupewa.

Twaona hapa mnyororo wa maneno. 'Mask' ni kifuniko, kifuniko ni kitu, kitu hununuliwa, kilichonunuliwa chaweza kutolewa zawadi. Kila hatua yaifuata iliyotangulia kwa utulivu kabisa. Mnyororo huo usingaliweza kuanza na neno lipiko, maana hapana awezaye kusema kwamba amemtoa lipiko zawadi kwa Wamakonde bila kuchekwa.

Lawama yetu wenyewe

Itakuwa rahisi tukikoma hapa na kuutupia ukoloni mzigo wote. Haki yatutaka tujitazame sisi wenyewe, hasa sisi wasemao Kiswahili cha mwambao na cha mijini.

Kwanza, sisi ndio tuliolishusha neno kinyago. Mtu mwenye sura isiyotupendeza twasema ana uso kama kinyago. Mtu anayejiaibisha hadharani twasema amejifanya kinyago. Jambo la kuchekesha lisilo na maana twaliita vinyago. Maneno haya yalizaliwa katika enzi ambayo watu wa pwani waliwadharau watu wa bara na mila zao, nasi tungali tukiyasema hata baada ya dharau yenyewe kukatazwa. Mtoto wa Kimakonde anayesoma Mtwara mjini hulisikia neno hilo mara mia kama tusi kabla ya kulisikia mara moja kama sanaa. Tusistaajabu basi akikimbilia 'mask', ambalo angalau halina tusi ndani yake. Huenda hiyo ndiyo sababu kubwa ya neno hilo kuenea, kuliko ushawishi wowote wa watalii.

Pili, tulipopata uhuru na mwaka 1962 wizara ya utamaduni wa taifa ikaundwa, tulikuwa na shauku ya kuzikusanya ngoma zote chini ya bendera moja. Shauku hiyo ilikuwa njema, nayo ilituunganisha. Lakini mara nyingine tulizileta ngoma jijini kama Weule alivyoleta nyuso Leipzig: hatua na mavazi tulivileta, na sababu ya kuchezwa tuliiacha kijijini.

Tatu, watunga kamusi wetu, ambao kazi yao twaienzi, wameyaingiza maneno mengi ya Kiarabu, Kiingereza na hata Kireno, lakini wamekuwa wagumu kufungua mlango kwa maneno ya lugha za makabila. Neno la Paris hupita kwa urahisi kuliko neno la Newala.

Atatokea msomaji wa kutupinga, na hoja yake ni ya haki. Atasema: lugha hukopa. Twasema shule, meza, baiskeli, na hapana aliyekufa. Barakoa lenyewe si la kukopa? Ubaya wa 'maski' ni nini? Jibu letu ni kwamba tulikopa shule na baiskeli pamoja na vitu vyenyewe. Mgeni alifika na mzigo wake na jina lake. Hapa mambo yamegeuka. Mzigo ni wetu, na jina tumelikopa kwa mtu ambaye aliuona mzigo huo mara moja akiwa njiani. Mkopo wa namna hiyo hauongezi mali, bali hutufanya wapangaji katika nyumba tuliyoijenga wenyewe.

Hitimisho

Kutokana na hayo tuliyoyaeleza, twatoa rai nne.

Kwanza, neno barakoa lishike kazi yake yote ya kutaja kinachofunika uso, iwe ni hospitalini, kiwandani au jukwaani. Watu wamekwisha kuamua. Kazi ya wasomi ni kuufuata uamuzi huo na kuuandika.

Pili, neno kinyago lisafishwe na kurudishiwa hadhi yake. Liendelee kutaja sanamu za kuchongwa, lakini walimu wawaonyeshe wanafunzi undugu wake na unyago, ili wajue kwamba ni kitu cha mafunzo wala si cha dhihaka.

Tatu, maneno lipiko na mapiko, ndimu na midimu, yaingizwe katika kamusi za Kiswahili sanifu, tena kwa upatanisho wa watu: lipiko amekuja, mapiko wamekuja. Mzee wa Kilambo ametufundisha hivyo.

Nne, kila kichwa cha lipiko kilichomo katika majumba yetu ya makumbusho kiandikwe kwa jina lake, pamoja na kijiji kilikotoka, ngoma iliyochezwa na nyimbo zake, kadiri wenyewe watakavyoruhusu. Nasi tunapodai vilivyochukuliwa, tudai kwa majina hayo. Dai linaloandikwa kwa neno la mchukuzi huanza likiwa limeshindwa nusu.

Katika mwezi uo huo wa Mei 2010, Daraja la Umoja lilifunguliwa Mtambaswala juu ya Mto Ruvuma, likiziunganisha Tanzania na Msumbiji. Wamakonde hawakulingoja daraja hilo ili wavuke. Mitumbwi ilikuwapo, na lipiko alivuka nayo zamani. Hakuulizwa nani yumo ndani yake. Alipokewa kwa ngoma, akaitwa kwa jina lake, akacheza. Sisi tuliosoma hatutakiwi kumfanyia zaidi ya hayo.